Kompyuta yetu imesoma kurasa za Kiswahili ikahitimisha kwamba Ihumwa, kata ya Dodoma, ni nguo: tumekosea wapi?

Karani wa Makole (mleta uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu kutoka Dodoma. Mimi ni karani mstaafu wa masjala. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kufungua majalada, kuzipa barua namba za folio, yaani karatasi zilizomo ndani ya jalada, na kumfuatilia kila aliyechukua jalada akasahau kulirudisha. Mpwa wangu anasoma kompyuta hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, na tangu mwaka jana tumekuwa tukishirikiana katika jambo ambalo majirani wanaliona kuwa ni mchezo wa watu wasio na kazi: kuifundisha kompyuta isome maandishi ya Kiswahili yaliyomo kwenye intaneti, itoe humo mambo inayoyaona kuwa ya kweli, iyahifadhi, kisha iyatumie hayo iliyokwisha kuyajua leo ili kesho isome vizuri zaidi. Tumekwama, na nimeona ni afadhali tukwame hadharani ili wenye ujuzi watusaidie.

Wazo lenyewe si letu. Mwaka 1984, huko Marekani, Douglas Lenat alianzisha mradi ulioitwa Cyc, ambamo watu waliketi kuiandikia kompyuta maarifa ya kawaida moja baada ya jingine, yaani mambo ya aina ya mama kuwa na umri mkubwa kuliko mwanawe. Aliyewahi kuhamisha masjala nzima kwa mkono atajua uchovu wa kazi hiyo. Mwaka 1992 Marti Hearst alionyesha njia nyepesi zaidi: kuna vifungu vidogo vya maneno ambavyo vyenyewe hutoboa siri. Ukikuta sentensi isemayo "nafaka zinazostahimili ukame kama vile mtama na uwele", huhitaji kumwuliza mtu yeyote ili ujue kwamba mtama ni nafaka. Hilo "kama vile" limekwisha kukuambia. Mwaka 1998 Sergey Brin aliipa programu vitabu vitano tu pamoja na majina ya waandishi wake, akaiacha itafute kwenye kurasa namna vitabu hivyo vinavyotajwa, kisha itumie namna hizo kutafuta vitabu vingine, na kwa kwenda na kurudi hivyo ikapata zaidi ya 15,000.

Kilichotuvutia sisi hasa ni mradi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon uliowashwa Januari 2010 chini ya Tom Mitchell. Programu yake waliiita NELL, kwa maana ya mjifunza lugha asiyekoma, na ilisoma usiku na mchana. Haikuanza mikono mitupu. Ilipewa makundi 123, kama vile miji, wanyama na kampuni, pamoja na mahusiano 55 ya namna ya "kampuni fulani ina makao katika mji fulani", na kila kundi likapewa mifano kati ya 10 na 15 iwe mbegu. Baada ya hapo iliachiwa mkusanyiko wa kurasa milioni 500 za Kiingereza. Katika siku 67 za mwanzo ilijikusanyia mambo zaidi ya 242,000, na walipoyapima waliona kwamba takribani asilimia 74 yalikuwa sahihi.

Hesabu hiyo ya 74 inaficha jambo. Walipogawa kazi katika vipindi vitatu, mambo ya kipindi cha kwanza yalikuwa sahihi kwa asilimia 90, ya pili 71, na ya tatu 57. Sababu yake si ngumu kuieleza. Kosa moja likishaingia kwenye jalada huwa mwalimu wa makosa yanayofuata. Mfano uliosimuliwa sana ni wa neno la Kiingereza "cookies", ambalo kwa kawaida ni biskuti, lakini pia ni vifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha ndani ya kompyuta yako. NELL iliviweka vifaili hivyo kwenye kundi la vyakula vya kuoka, kisha, kwa kuona kwamba watu huandika "nimefuta" hivi na "nimefuta" vile, ikaanza kuyaingiza mafaili mengine ya kompyuta kwenye kundi lile lile la mikate na keki.

Nilicheka niliposoma habari hiyo. Sicheki tena.

Sisi tulianza na makundi machache tu: mji, kata, mnyama, zao, nguo na timu ya mpira. Kundi la nguo tulilipa mbegu za kawaida, yaani kanga, kitenge, shati na suruali. Programu ikajifunza yenyewe kwamba kinachofuata maneno "nguo za" mara nyingi kinahusika na nguo, na kwa njia hiyo ikalipokea neno "mtumba". Hapo haikukosea, kwa sababu hata mimi koti langu la kiangazi ni la mtumba. Lakini mpwa wangu, ili kurahisisha kazi, alikuwa amezigeuza herufi zote kubwa kuwa ndogo. Wenyeji wa hapa mmekwisha kuelewa msiba uliotufika. Kurasa zimejaa habari za watumishi waliohamia Mtumba, wizara zilizojengwa Mtumba na barabara iendayo Mtumba, kwa maana ya Mji wa Serikali uliopo katika kata ya Mtumba hapa Dodoma. Programu ikasema moyoni: kumbe "wamehamia" ni neno linalotangulia nguo. Ikarudi kwenye kurasa na kanuni hiyo mpya, ikakusanya majina ya maeneo ya hapa, Ihumwa, Njedengwa, Nzuguni, na mwisho Dodoma yenyewe. Asubuhi nilipofungua orodha ya nguo nilikuta mji mzima umetundikwa kambani.

Tumekwisha kurudisha herufi kubwa, bila shaka, na tumeiambia programu kwamba kitu kilichokwisha kusajiliwa kuwa kata hakiwezi kusajiliwa tena kuwa nguo. Hiyo ni kanuni ya NELL pia: makundi hubanana, na jambo halipandishwi cheo kuwa la kweli mpaka liwe na ushahidi mzito, au wasomaji zaidi ya mmoja walio ndani ya programu, kila mmoja akisoma kwa njia yake, wakubaliane. Tatizo ni kwamba mbano huo husaidia pale tu jambo la kwanza kusajiliwa lilipokuwa sahihi. Mtumba ikitangulia kusajiliwa kuwa nguo, basi ni kata ndiyo itakayofukuzwa mlangoni. Naomba mawazo yenu.

Fundi Simu Nkuhungu

Shikamoo mzee. Nimesoma yote, na naomba nisionekane mtovu wa adabu nikiuliza: kwa nini mhangaike namna hii wakati siku hizi zipo programu kubwa za lugha ambazo ukiziuliza Mtumba ni nini zinakujibu kwa Kiswahili safi, bila mbegu wala makundi?

Karani wa Makole

Marahaba, kijana. Swali lako ni la haki, na nakiri kwamba programu hizo hazitakuambia Ihumwa ni nguo. Yetu haina hata robo ya ufasaha wao. Nazo pia zimejifunza kwa kusoma, ila kwa mtindo mwingine. Muundo wake wa ndani ulitangazwa na watafiti wa Google mwaka 2017, na zoezi kubwa inalofundishiwa modeli ya namna hiyo ni kubashiri neno linalofuata. Ukiisomesha "mkoa wa Dodoma unapakana na", inabashiri, inasahihishwa kidogo, inabashiri tena, mara mabilioni. Kwa kulazimishwa kubashiri vizuri inalazimika kubeba maarifa, lakini inayabeba kama chumvi iliyokwisha korogwa katika mchuzi. Onja utasema ipo. Ukiambiwa uitoe na kuionyesha kwenye kiganja, huwezi.

Mimi ni mtu wa masjala. Ukiniambia "imeamuliwa hivi", nitakuuliza jalada gani, folio namba ngapi, barua ya nani, ya tarehe gani. Baadhi ya programu hizo siku hizi hutafuta kwenye tovuti kabla ya kujibu na hukuonyesha zilikotoa habari, jambo ambalo ni jema, lakini tovuti hiyo nayo ilinakili kwa nani? Katika pitapita zetu tulikuta aya moja kuhusu asili ya jina la Dodoma, ile hadithi ya tembo aliyezama na neno la Kigogo "idodomya", imerudiwa kwenye kurasa nyingi kwa maneno yale yale na kwa kosa lile lile la tahajia. Programu yetu ilihesabu kila ukurasa kuwa shahidi. Karani yeyote angeona kwamba hizo ni nakala za barua moja.

Mwalimu wa Kongwa

Karani, nimefundisha sarufi kwa miaka mingi, na naona mmeazima vifaa vya Kiingereza mkasahau kwamba lugha yenu ina msaidizi asiyelipwa mshahara. Kiingereza hakina ngeli. Neno "cookies" likisimama katika sentensi, hakuna kitu ndani ya kitenzi kinachosema kama ni la kuliwa au la kufutwa. Kiswahili hakifichi namna hiyo.

Chukua neno "mbuzi". Ukisoma "mbuzi huyu amekonda", huyo ni mnyama; ukisoma "mbuzi hii imelegea", fahamu kwamba nazi inasubiri kukunwa. Chukua "simba". Magazeti ya michezo huandika "Simba yatinga fainali", na hakuna mhariri atakayeandika "simba yala ng'ombe". Kiambishi kimoja tu kimetenganisha klabu na mnyama, hata kama mmezifuta herufi kubwa zote. Nakiri kwamba utakuta pia "Simba wamewasili", kwa sababu mwandishi amewafikiria wachezaji, lakini hata hapo wingi huo karibu na habari za uwanja wa ndege unatosha kukutoa mashakani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wanafunzi wa bara, ambao hawajauona mnazi ukigemwa, huniuliza kwa nini tembo atiwe maji. Nawaambia watazame kitenzi. Angekuwa ndovu, methali ingesema "humtia". Hilo "li" dogo lililokaa katikati ya kitenzi ndilo linalotangaza kwamba tunazungumzia pombe. Kompyuta inayosoma bila kuvunja kitenzi katika viambishi vyake italiona neno "hulitia" kuwa tofali moja, na ushahidi wote ulio ndani yake utapotea. Mwambie mpwa wako aanze hapo: kila jina lirekodiwe pamoja na viambishi vya vitenzi vinavyopatana nalo, halafu jina ambalo viambishi vyake vimegawanyika katika mafungu mawili lifunguliwe majalada mawili.

Mwana wa Bahi

Mbukwenyi wazee wangu, shikamooni. Naomba kumpinga mwalimu kidogo kwa heshima zote. Mimi ni mfugaji na mtoto wa mfugaji. Jioni nikihesabu zizini nasema "ng'ombe zangu", sisemi vinginevyo, na vitabu pia vinaandika "ng'ombe zake". Kwa kanuni ya mwalimu, kompyuta itaona "zangu", itatafuta katika ngeli, na itahitimisha kwamba ng'ombe ni kitu kisicho na uhai, kama nguzo za zizi. Vivyo hivyo "baba yangu", "rafiki zangu". Itatuzika sote tukiwa hai.

La pili ni kuhusu kabila langu la Wagogo. Lugha yetu wenyewe tunaiita Chigogo, wengine huandika Cigogo, na kwa Kiswahili ni Kigogo. Kwenye intaneti majina hayo matatu yatahesabiwa kuwa lugha tatu. Na hilo la tatu ndilo lenye balaa zaidi, kwa sababu kigogo ni gogo dogo, kigogo ni mtu mkubwa serikalini, na Kigogo ni mahali Dar es Salaam. Nina wasiwasi kwamba ikisoma "vigogo wahojiwa" itaandika kwamba Wagogo wote wamehojiwa.

Nisiendelee sana, ila naongeza kwamba hapa mjini tuna kata za Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini, na kuna programu moja ya majibu niliyoiuliza ambayo ilizipeleka Kenya.

Mwalimu wa Kongwa

Umenishika pazuri, kijana wangu. Vimilikishi havifuati uhai kwa uaminifu katika majina ya namna hiyo, hasa ya jamaa na ya mifugo ikiwa wingi. Basi Karani apuuze vimilikishi kabisa katika hesabu hii, ategemee vitenzi na vionyeshi. Hata wewe huwezi kusema "ng'ombe zangu zimekunywa". Utasema "wamekunywa".

Mwana wa Bahi

Ni kweli, mwalimu. Ingawa nimewasikia mjini wakisema.

Binti wa Kondoa

Nawashukuru kwa mjadala huu. Mimi kazi yangu ni ya takwimu, na niliposoma uzi huu nilikuwa nikijiuliza mbona hakuna aliyetaja wakati. Mnazungumza kana kwamba jambo likiwa kweli ni kweli daima, kumbe sehemu kubwa ya mambo yanayoandikwa yana tarehe ya kuanza, na mengine yana tarehe ya kuisha.

Tazameni idadi ya watu wa jiji letu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956, na ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Idadi ya kwanza ilikaa miaka kumi peke yake kwenye intaneti, ikinakiliwa kwenye taarifa, tasnifu na kurasa za utalii. Programu inayoamini kinachorudiwa mara nyingi itaipa ushindi idadi ya zamani, na itaiona ya sasa kuwa ni kosa la mwandishi mmoja. Hapo wala hakuna ukurasa uliodanganya. Zote mbili ni kweli, kila moja kwa mwaka wake.

Mfano mkubwa zaidi ni wa mji mkuu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973. Bunge likaanza kukaa hapa miaka ya tisini. Msukumo wa kuihamisha Serikali yote ulitangazwa na Rais Magufuli mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji na ikatungiwa sheria ya kuwa makao makuu. Katika muda huo wote wa miaka zaidi ya arobaini, wako waliokuwa wakiandika kwamba mji mkuu wa Tanzania ni Dar es Salaam na wako waliokuwa wakiandika kwamba ni Dodoma, na kila upande ulikuwa na sababu zake, kwa sababu neno "mji mkuu" kwa mmoja lilikuwa na maana ya sheria na kwa mwingine lilikuwa na maana ya mahali wizara zilipo. Kanuni yenu ya kwamba nchi ina mji mkuu mmoja tu, ambayo bila shaka mmeiweka ili makundi yabanane, italazimisha mji mmojawapo utupwe. Mimi ningeomba kila jambo liandikwe pamoja na tarehe ya ukurasa lilikosomwa na, pale inapowezekana, tarehe ambayo sentensi yenyewe inaizungumzia. Tarehe hizo mbili si moja. Ukurasa wa mwaka huu unaweza kuwa unasimulia mambo ya 1973.

Karani wa Makole

Dada wa Kondoa, umenifanya nione aibu, maana hilo la tarehe ndilo nililowafokea vijana wa masjala maisha yangu yote: barua isiyo na tarehe si barua. Na mimi nimejenga masjala isiyo na tarehe.

Mkulima wa Hombolo

Mzee mwenzangu Karani, mimi sina elimu ya kompyuta, ila nina swali la shambani. Nalima zabibu, ile nyekundu ya Makutupora na nyeupe kidogo. Mwanangu aliniwekea kwenye simu programu ya kujibu maswali, nikaiuliza ni lini nipogoe. Ilinijibu kwa Kiswahili kizuri sana kwamba nisubiri majira ya baridi, mzabibu ukiwa umelala na majani yamepukutika, nipogoe mara moja kwa mwaka. Nilikaa nikaitazama ile simu. Mzabibu wa Dodoma haulali. Hapa tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila mavuno yana upogoaji wake. Ningeisikiliza, ningepoteza msimu mzima.

Swali langu ni hili. Ile programu haikusema uongo, sivyo? Ilisoma maneno ya watu wanaolima zabibu Ufaransa na kwingineko kwenye baridi, ambao wameandika sana. Sisi tunaolima hapa hatujaandika. Sasa kanuni zenu za ngeli na tarehe na kubanana zitanisaidiaje mimi, wakati ninachokijua hakimo kwenye intaneti kabisa?

Fundi Simu Nkuhungu

Mzee wa Hombolo, hapo umemaliza maneno. Mimi mwenyewe nikitafuta namna ya kutengeneza simu za bei nafuu zinazouzwa huku, maelezo yote ni ya simu ambazo wateja wangu hawana.

Karani wa Makole

Wanajukwaa, nimerudi baada ya wiki kadhaa. Naomba radhi kwa ukimya. Mpwa wangu alikuwa na mitihani, na bando la nyumbani lina mipaka yake.

Kwanza ngeli. Tulimfuata mwalimu na tukatupa vimilikishi kama alivyoelekeza baada ya kusahihishwa na Mwana wa Bahi. Simba wa porini na Simba ya Msimbazi sasa wana majalada mawili, na mbuzi pia. Mtumba ulitusumbua zaidi. Tulitarajia nguo ipatane na "u" na mahali papatane na "i" au "ku", lakini tukakuta sentensi nyingi za namna ya "Mji wa Serikali Mtumba umejengwa", ambamo "u" si ya Mtumba hata kidogo, ni ya mji. Programu ilikuwa ikimpa jirani sifa za mwenye nyumba. Ilibidi ifundishwe kutafuta jina kuu la kirai kabla ya kugawa viambishi, kazi iliyochukua muda mrefu kuliko yote. Sasa Ihumwa na Nzuguni zimeshuka kambani na kurudi kuwa kata. Kigogo ina majalada manne, na la nne bado lina barua zilizoingia kimakosa.

Pili nakala. Kurasa zinazofanana kwa aya nzima tunazifunga pamoja na kuzihesabu kuwa shahidi mmoja. Mambo mengi yaliyoonekana kuwa na mashahidi lukuki yalibaki na mmoja au wawili. Tatu tarehe. Jalada la mji mkuu sasa lina folio zilizopangwa kwa miaka, na ukiuliza, programu inakurudishia swali: kwa mwaka gani, na kwa maana ya sheria au ya mahali zilipo ofisi? Binti wa Kondoa, naamini utafurahi, japo mke wangu amesema kompyuta hiyo imekuwa na kiburi kama karani niliyekuwa.

La Mkulima ndilo lililotutoa jasho. Tulisafiri hadi Hombolo, akatufungulia daftari lake lenye siku za kupogoa, za kumwagilia na za kuvuna, tukaingiza kurasa zake chache za mwanzo. Programu ilizisoma vizuri, kisha ikazikataa. Kwa kanuni tuliyoiweka wenyewe, jambo lenye shahidi mmoja halipandi, tena likipingana na jambo lenye mashahidi wengi huwekwa kando kuwa kosa. Kurasa za nchi za baridi zilikuwa nyingi, na hazikuwa nakala. Zilikuwa za watu mbalimbali wakisema kweli kuhusu mashamba yao. Daftari moja la Hombolo likashindwa kwa kura.

Tulibishana usiku huo mimi na mpwa wangu. Yeye alitaka tumpe Mkulima uzito wa mashahidi kumi. Nilikataa, kwa kuwa kesho nitampa nani uzito huo, na kwa kipimo gani? Tulichofanya mwishowe ni kuongeza safu mbili katika kila folio. Moja inasema jambo hili ni kweli mahali gani, kama tulivyokwisha kusema ni kweli mwaka gani, na hivyo Ufaransa na Hombolo haziko tena katika kesi moja. Nyingine inasema kama mwandishi aliona mwenyewe au alisimuliwa. Jambo aliloliona mwenyewe mtu wa mahali hapo linapandishwa hata likiwa na shahidi mmoja, ila linabeba alama, na programu ikilitaja inamtaja na aliyeliona. Sijui wenzangu mnalionaje. Folio ya kwanza ya jalada la zabibu nimeiweka hadharani ili Mkulima aikague.

Mkulima wa Hombolo

Mzee, nimesomewa na mwanangu, na nashukuru kwa kufika kwangu. Ila kuna kosa. Mpwa wako ameandika kwamba nilipogoa shamba lote siku moja. Mimi nilisema nilianza na safu nne za upande wa bwawa, na zilizobaki nikazipogoa wiki iliyofuata kwa sababu vibarua hawakutosha. Mrekebishe hilo kabla kompyuta haijalizoea.

Karani wa Makole

Nimeliona, mzee mwenzangu. Linarekebishwa leo, na folio ya zamani haitafutwa; itapigwa mstari mmoja, isomeke, na ya pili itafuata nyuma yake.